Usukani Usiogonga Magoti

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mtalimbo, kiasi kwamba mtu akicheka sana pale nje, picha za sebuleni zinacheza. Asubuhi ni la wateja wanaosubiri kunyolewa mlango wa pili. Jua likishapinda, linarudi kwa wenyewe. Wenyewe ni Redio, kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia. Mzee Kanuni, mkaguzi wa tiketi za mabasi aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kukagua. Na Dada Birika, muuza kahawa, ambaye kahawa anaiuza na hukumu anaitoa bure. Mtalimbo mwenyewe, mwenye ukuta, alikuwa hakai sana pale. Alikuwa fundi rangi, mrefu wa kupaka dari bila ngazi, na akikaa kwenye ubao ule magoti yalimfika kidevuni, watu wakaanza kumtafuta kichwa kilipo.

Magoti hayo ndiyo yaliyoleta maneno.

Mtalimbo alikuwa na pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu wa kawaida. Usukani wake ulikuwa mfupi, umelala mbele, na kila alipokata kona ncha yake ilimgonga goti. Akajizoeza kupanua miguu kila penye kona, kama panzi anayetaka kuruka. Hivyo ndivyo alivyompeleka mkewe kazini kila asubuhi, kwenye karakana ya kushona sare, mpaka siku ile ya mvua. Kwenye kona ya kuingia sokoni usukani uligonga goti, ukakwama, pikipiki ikalala ubavu, na mume na mke wakajikuta wamekaa ndani ya dimbwi moja wakitazamana. Hakuumia mtu, isipokuwa sketi na heshima. Mkewe alisimama, akajikung'uta, akasema kwa ule upole wake unaotisha:

— Baba, mimi sipandi tena kitu kinachoomba ruhusa kwa magoti yako kabla hakijakata kona.

Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda kwa miguu.

Watu walidhani kilichomuuma Mtalimbo ni aibu. Haikuwa aibu. Ni kwamba ile safari ya asubuhi ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kuzungumza. Ndani ya nyumba kuna watoto, nje ya ukuta kuna benchi lenye masikio. Lakini juu ya pikipiki mkewe alikuwa akiweka kidevu begani kwake na kumwambia kila kitu, nani kagombana na nani, sindano zipi zimevunjika, ameota nini. Baada ya kuanguka, hayo yote yakakatika kama maji ya bomba. Naye hakulijua pengo lilivyo pana mpaka alipokwenda kunyolewa, na Redio, wembe ukiwa shingoni mwake, akamwambia:

— Hongera bwana! Nasikia shemeji amefanywa msimamizi pale karakana!

Mtalimbo alijitazama kwenye kioo. Akasema, “Ahsante,” kwa sauti ya mtu anayejua. Hakuwa anajua. Habari ya mkewe mwenyewe ameipata kwa kinyozi! Alitoka pale kichwa kimenyolewa na moyo umekwaruzwa, akaenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri, akanunua usukani mwingine: mrefu, ulioinuka juu kama pembe za ng'ombe na kurudi nyuma kumlaki mwendeshaji.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, aliisogeza pikipiki mpaka mlangoni kwake, akatandaza spana zake juu ya gunia, akafunika tangi la mafuta kwa blanketi ili lisikwaruzwe. Benchi lilikuwa limeshajaa.

— Unafanya nini? akauliza Redio, ingawa alikuwa anaona.

— Nabadilisha usukani.

— Wewe mwenyewe? Nyumbani?

— Nyumbani. Kwani usukani unazaliwa hospitali?

Mzee Kanuni aliinamisha miwani yake. — Kijana, kitu kilichotoka kiwandani hakiguswi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Usukani huu ulitakiwa kukunjwa kiwandani, ukiwa mbichi.

— Mzee, ule wa zamani naung'oa. Huu umeshakunjwa.

— Nani kaukunja?

— Waliouunda.

— Umewaona?

Mtalimbo alishika spana. Alianza na vioo vya pembeni, kimoja baada ya kingine, akafuata breki upande wa kulia na klachi upande wa kushoto. Kila alichofungua alikiweka kwenye kopo tupu la rangi. Vile vipini vya mpira vilikataa kutoka. Vilikuwa vimegandana na chuma kama ndugu wasiotaka kugawana nyumba.

— Vuta! akaamrisha Redio. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

— Usivute, akasema Dada Birika. Pitisha maji ya sabuni kwa ndani, halafu zungusha. Mimi pete yangu ya ndoa nimeivua hivyo mara nyingi.

— Mara nyingi? akashtuka Mzee Kanuni.

— Naosha vikombe, mzee. Ulifikiri nini?

Benchi likaangua kicheko, na ndani ya nyumba picha zikacheza. Dirisha likafunguka. Mkewe Mtalimbo akachungulia, kitambaa kichwani, uso hausomeki.

— Baba, hilo blanketi juu ya tangi ni la nani?

Mtalimbo aliliangalia kana kwamba ndiyo kwanza linatokea. — Ni... la zamani.

— Ni la kwangu.

— Ndiyo, la kwako. La zamani.

— Likiingia mafuta utalifua wewe, akasema, na dirisha likafungwa. Lakini Mtalimbo, ambaye alikuwa anayajua madirisha ya nyumba yake kwa kuwa ameyapaka rangi mwenyewe, aliona halikufungwa lote. Uwazi wa kidole ulibaki.

Sabuni ilifanya kazi. Vipini vikatoka. Akafungua vibanio viwili vinavyoushika usukani katikati, akaunyanyua ule wa zamani, akauweka chini. Ule mpya ulipokaa mahali pake, pikipiki ilibadilika sura. Ilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake kamili. Hata Redio alishusha kikombe, akaisogelea.

— Sasa hiyo, akasema, ni pikipiki ya mtu mwenye mashamba.

— Kaza nati za mbele kwanza, akasema Mzee Kanuni.

— Za nyuma kwanza, akasema Redio. Mwenda nyuma si mjinga.

— Methali hiyo haipo!

— Sasa ipo.

Mtalimbo alizikaza kidogo kidogo, mbele na nyuma kwa zamu, kama alivyoambiwa na yule wa duka la vipuri. Akarudisha klachi, akarudisha breki, akarudisha swichi na vioo. Akarudisha ule waya wa mafuta unaotoka kwenye kipini cha kulia na kushuka mpaka kwenye kabureta, ambao ndio unaoiambia injini ingurume kiasi gani. Kisha akapanda. Akapiga kiki. Pikipiki ikaitika mara moja, ikanguruma taratibu, tu-tu-tu, kama paka aliyeshiba.

Akauzungusha usukani kulia. Goti halikuguswa. Mkono mzima ungepita kati ya goti na ncha ya usukani!

— Ee! wakashangilia.

Akauzungusha kushoto. Goti halikuguswa. Lakini pikipiki, bila mtu kukigusa kipini, ikapiga kelele. Ilipiga resi yenyewe, vuuuuuum, moshi ukatoka, kuku wa jirani wakakimbia. Akarudisha usukani katikati, ikatulia. Akajaribu tena kushoto: vuuuuuum.

Akazima. Benchi lote likasogea kuitazama.

— Inalia, akasema Mzee Kanuni kwa huzuni. Imezoea mikono yake ya zamani. Hata mimi nilipopewa sare mpya kule kwenye mabasi, nilikaa wiki nzima siwezi kukagua vizuri.

— Mzee, pikipiki haina moyo.

— Ina nini basi kinachoiumiza ikigeukia kushoto tu? Moyo uko upande gani?

Dada Birika alitikisa kichwa. — Kushoto. Hapo mzee amesema.

— Hajasema kitu! Redio akasimama, maana hoja kubwa haisemwi kwa kukaa. Sikilizeni. Usukani wa zamani ulikuwa mfupi, sivyo? Huu mrefu. Chuma kirefu kilichosimama juu kinaitwaje?

— Nguzo, akasema Dada Birika.

— Antena! Hiyo ni antena. Akiigeuza kushoto inaelekea wapi? Kule kwenye mnara wa simu. Inanasa mawimbi. Hiyo pikipiki inapigiwa simu!

— Na nani?

— Mimi nitajuaje? Sijaipokea.

Mtalimbo alikaa juu ya pikipiki yake, mikono mapajani. Kwa kawaida angecheka. Lakini aliutazama ule uwazi wa kidole pale dirishani. Pikipiki inayopiga resi yenyewe kwenye kona ni mbaya kuliko ile inayogonga magoti. Ile iliwaangusha dimbwini. Hii itawarusha ng'ambo ya soko. Na mkewe, akiisikia ikipiga kelele vile, hatapanda leo wala siku nyingine. Atatembea maisha yake yote, na yeye ataendelea kupata habari za nyumbani kwake kwa kinyozi.

— Ni mtaa, akasema Mzee Kanuni ghafla.

— Mtaa umefanyaje?

— Umeinama. Huu mtaa unainamia kushoto. Mafuta kwenye tangi yanakwenda upande mmoja, injini inazidiwa, inapiga kelele. Maji hufuata mkondo.

— Mtaa huu uko sawa kama meza! akapinga Redio. Ninanyoa hapa mwaka nenda mwaka rudi, kichwa cha mteja hakijawahi kubiringika!

— Tupime.

— Tupime kwa kitu gani?

Macho ya wote wawili yakatua juu ya birika.

— Msithubutu, akasema Dada Birika.

Lakini Mzee Kanuni alikuwa ameshamimina kikombe chake chini kwenye saruji, kwa heshima kubwa, kama mtu anayefungua mkutano. Kahawa ikakimbilia kulia. Redio akasema mzee amemimina kwa upendeleo, akamimina cha kwake. Kikakimbilia miguuni mwake mwenyewe. Wakaomba vingine kwa ajili ya haki. Dada Birika, ambaye kwa kweli na yeye alishaanza kutaka kujua, akawajazia. Kahawa ikatambaa kwenye saruji huku na huku, watu wazima wakiwa wamepiga magoti wakiitolea macho, mmoja anasema “Kushoto!”, mwingine anasema “Hiyo ni kulia kwako, kushoto kwangu!”, mpaka birika likatoa mlio wa kikohozi, likatoa masimbi mazito ya chini, likaisha.

— Imekwisha, akatangaza Dada Birika. Mmeinywesha barabara.

Wakati wao wako chini, Mtalimbo alikuwa amefumba macho. Hakuwa anaomba dua. Aliiwasha tena pikipiki, akaacha mkono wa kushoto uuzungushe usukani polepole, na kidole cha mkono wa kulia akakilaza juu ya ule waya wa mafuta. Katikati, waya ulikuwa mlegevu chini ya kidole. Alipoanza kugeuza kushoto, ulianza kukaza. Akaendelea. Ukakaza zaidi, ukakaza kama kamba ya nguo yenye blanketi lililolowa, na hapo hapo, vuuum, injini ikapaza sauti.

Akafumbua macho. Akarudisha katikati, waya ukalegea, injini ikatulia, akaizima.

— Kumbe, akasema taratibu.

— Kumbe nini? akauliza Redio kutoka chini.

— Usukani umeinuka, waya haukuongezeka. Nikigeuza kushoto unavutika wenyewe, kama vile mimi nimezungusha kipini. Haina moyo, haipigiwi simu. Inavutwa.

Mzee Kanuni alinyanyuka akishika kiuno. — Ndiyo nilichokuwa nasema. Kuna kitu kinainama.

Mtalimbo aliinama akaufuata waya kwa macho. Kumbe kwa haraka ya furaha alikuwa ameupitisha kwa nje, umezunguka taa ya mbele yote kama mtu anayekwenda kwa jirani kwa kupitia stendi ya mabasi. Akauchomoa juu, akaupitisha kwa ndani, nyuma ya taa, njia ya mkato. Akalegeza vile vibanio kidogo, akaurudisha usukani nyuma kuelekea tumbo lake, akakaza tena. Waya wa klachi akauangalia vilevile, na wa breki. Akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, akapitisha kidole: mlegevu. Kulia mpaka mwisho: mlegevu.

Akapiga kiki. Tu-tu-tu. Kushoto: tu-tu-tu. Kulia: tu-tu-tu. Akabana breki ikashika, akaachia ikaachia. Kipini cha mafuta kila akikizungusha na kukiachia kilirudi chenyewe, chap.

Hapo ndipo benchi lilipolipuka. Redio alimkumbatia Mzee Kanuni, Mzee Kanuni akamkumbatia Redio, kisha wakakumbuka hawaelewani, wakaachiana.

— Unaona faida ya kushauriana! akasema Redio. Penye wengi hapaharibiki neno!

— Kahawa tu, akasema Dada Birika akitikisa birika tupu.

— Niliposema akaze nati za nyuma, nilikuwa na maana hii hii.

— Wewe ulisema antena!

— Antena na waya si ni ukoo mmoja?

Kelele hizo ndizo zilizomvuta mgeni. Alikuja akisukuma pikipiki yake kutoka barabara kubwa, jasho limemlowesha kola, usukani wake umepinda upande mmoja kama masharubu ya mtu aliyelala ubavu. Aliona spana juu ya gunia, aliona kopo la nati, aliona watu wazima wamechafuka mikono na magoti. Uso wake ukajaa matumaini.

— Habari za hapa, jamani. Mungu mkubwa, nimewapata. Samahani, fundi ni nani hapa?

Mzee Kanuni alianza kufuta miwani yake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lake, alimtazama mwenzake ili aseme yeye. Dada Birika alianza kukusanya vikombe ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa. Mtalimbo aliangalia mikono yake yenye grisi juu ya madoa ya rangi ya juzi, akatamani kusema “mimi,” lakini neno likaona haya kutoka.

— Fundi, akarudia mgeni. Wa pikipiki. Yuko wapi?

Mlango ukafunguka. Mkewe Mtalimbo akatoka. Alikuwa amevua kitambaa cha kazi, amevaa viatu vya kufunga kamba, mkoba umepita begani mpaka ubavuni kama wa mtu mwenye safari. Akalinyanyua blanketi kutoka kwenye tangi, akaligeuza upande huu na upande ule, akaona doa moja jeusi, akamtazama mumewe, akalikunja na kumkabidhi Dada Birika.

— Shikamoo, mzee, akamsalimu Mzee Kanuni. Kisha akamgeukia mgeni. — Karibu, kaka. Fundi simjui. Dereva ni huyu wangu.

Akapanda nyuma.

Mtalimbo alifuta mikono kwenye suruali. Aliingiza gia. Waliondoka polepole mbele ya benchi, na nyuma yao walisikia Redio akimwambia mgeni: “Kaa, ndugu yangu. Kwanza tuambie, unapoigeuza, inaumia upande gani?”

Kwenye kona ya kwanza Mtalimbo alipanua miguu kwa mazoea. Hakukuwa na haja. Kwenye kona ya pili aliyaacha magoti yakae yanapotaka, usukani ukapita juu yake kwa heshima zote. Walipofika kona ya kuingia sokoni, mikono ya mkewe ikamkaza kiunoni. Akapunguza mwendo, akakata, wakapita. Mikono ikalegea, lakini haikuondoka. Kidevu kikashuka begani.

— Kwa nini hukuniambia kuhusu kile cheo? akauliza Mtalimbo, macho yakiwa barabarani.

— Nikuambie wapi? Sebuleni, Redio asikie kabla yako? Nilikuwa nangoja tupande.

— Alisikia vilevile.

— Basi kuna lingine hajalisikia.

— Lipi?

Mkewe alimnyooshea kidole mbele mpaka wakapita maduka ya mwisho na kufika penye uwanja wa mpira wa shule, ambao Jumamosi hauna mtu.

— Simama hapa, akasema.

Akasimama. Mkewe akashuka, akaizunguka pikipiki, akaushika ule usukani kwa mikono miwili kama anavyoshika kitambaa kizuri kabla hajakikata.

— Nilikuwa dirishani tangu unaanza, akasema. Nimeona klachi iko wapi, breki iko wapi, na waya upi ukivutika inapiga kelele. Nataka kuendesha.

— Lini?

— Baba, nimevaa viatu vya kamba. Wewe unadhani lini? Rudi nyuma.

Mtalimbo akarudi nyuma. Huko alikuwa hajawahi kukaa. Hakujua miguu aiweke wapi. Aliikunja mpaka magoti yakatokea pande zote mbili za mkewe, moja kushoto, moja kulia, kama vioo vingine vya pembeni. Mkewe alicheka mpaka pikipiki ikazimika. Akaiwasha tena. Akaachia klachi haraka mno, ikaruka kama mbuzi, ikazimika. Akaiwasha tena.

— Taratibu, akasema Mtalimbo. Iachie kama unamwekea mtoto aliyelala kitandani.

Akaachia. Pikipiki ikatambaa. Ikayumba, ikanyooka, ikavuka mstari wa goli, ikaendelea. Nyasi zikaanza kupita chini yao, kisha upepo ukawapata, na mkewe akapiga ukelele wa furaha uliosikika, bila shaka, mpaka kwenye benchi.

— Baba! akapaza sauti. Mbona umenyamaza? Huko nyuma ndiko kwa kuzungumza!

Mtalimbo akaweka kidevu chake begani kwa mkewe, akavuta pumzi, akaanza kumweleza yote, kuanzia ule wembe wa Redio.